Asilimia hamsini za kaka yangu

Jamani, nimepigwa na ndugu wa tumbo moja!

Leo kwenye kikao cha ndiva, bwawa letu la kumwagilia hapa Mhezi, tumegawana maji upya. Mimi nilikuwa na saa mbili kwa wiki, kaka yangu nane.

Kaka, mwalimu wa hesabu huyo, akasimama: "Mdogo wangu aongezwe asilimia hamsini. Mimi ishirini na tano zinanitosha."

Watu makofi! Nikampelekea mkungu wa ndizi.

Sasa nimefika shambani, napiga hesabu.

Mimi nimeongezewa saa moja. Yeye mbili!

Nimempigia simu, anacheka: "Si uwiano wako umepanda?"

Umepanda, ndiyo. Maharage yangu yanakunywa uwiano?

Hivi mkungu ukishautoa, unaweza kuufuata? Semeni haraka, nishavaa buti.