Mama Éliane na Matokeo ya Leta

Kamina ya mwaka 1999 haikukosa wakubwa. Kulikuwa na kamanda wa Base, ile kambi ya jeshi yenye uwanja wa ndege, kulikuwa na wachungaji wenye suti, kulikuwa hata na mkuu wa stesheni ambaye hakuwa na treni lakini kofia yake aliipiga pasi kila asubuhi. Ila mwezi wa nane ukifika, hao wote walikaa pembeni. Mkubwa alikuwa mama mmoja mwembamba mwenye miwani ya kufungwa kwa uzi, Éliane Kyabu, sekretari wa sous-division, yaani ofisi ya Leta, ndiyo serikali, inayosimamia shule zote za mji na vijiji vyake. Yeye ndiye aliyepokea matokeo ya mtihani wa Leta, ule wa kumaliza sekondari.

Mwezi huo kila mtu alikuwa ndugu yake. Wanawake ambao mwaka mzima walimpita sokoni bila salamu walianza kumwita "yaya", dada mkubwa. Muuza chumvi alimwongezea kipimo bila kuombwa. Kanisani alipewa kiti cha mbele, karibu na kwaya, na mahubiri yakiisha watu walimsindikiza hadi kwake wakimwuliza habari za mgongo wake. Mgongo wenyewe ulikuwa mzima kabisa.

Tuseme ukweli, Leta ilikuwa na utaratibu mzuri sana wa matokeo. Kilichokosekana ni Leta yenyewe. Mitihani ilisahihishwa Kinshasa, kisha matokeo yakasafiri mara mbili. Kwanza yalikuja kwa sauti: mtu wa Kinshasa alisoma namba za waliopasi kwa foni, ile redio ya kuitana ya misheni, na Éliane alikaa upande huu na kalamu yake akiandika namba na asilimia. Majina hayakusomwa. Baadaye matokeo yalikuja kwa karatasi, namba pamoja na majina, ndani ya bahasha yenye sahihi, na kwa kuwa vita ilikuwa imekata njia zote, bahasha ilipanda ndege ya jeshi kati ya makasha ya risasi na makreti ya bia, ikashushwa Base. Hapo Éliane alilinganisha sauti na karatasi, namba kwa namba. Zikikubaliana, chef, mkuu wa ofisi, anatia sahihi, muhuri unapigwa, orodha inabandikwa ukutani. Muhuri nao ulikuwa bado wa Zaïre. Nchi ilikuwa imebadilishwa jina kwa ngoma na vifijo, ila hakuna aliyekumbuka kutuma muhuri mpya, basi chef alichukua wembe akakwangua neno Zaïre, na kuanzia siku hiyo vijana wa Kamina walipata diplome kutoka Jamhuri ya Doa Jeusi.

Lakini watu wa Kamina na muhuri wapi na wapi! Wao wana poda. Mtoto akipasi anamwagiwa poda ya watoto wachanga kichwani, usoni, shingoni, anazungushwa mtaa mzima akiwa mweupe pe, huku shangazi zake wanaimba hadi sauti zinakauka. Ni jambo zuri, hakuna ubishi. Shida yake ni moja tu: hakuna ofisi ya kuirudisha poda kwenye kopo.

Bolingo, kijana wa jirani yake Éliane, aliijua shida hiyo. Miaka mitatu nyuma alimwagiwa poda kwa habari za foni, maana Chef Kabongo, mkuu wa sous-division, alizitangaza mwenyewe mlangoni pa ofisi, kifua mbele. Bahasha ilipofika, namba ya Bolingo haikuwemo. Chef akasema ni "tofauti ndogo". Hiyo tofauti ndogo ilikuwa na mama aliyejifungia ndani, na mbuzi aliyekwisha kuliwa, na shati jeupe la kuazima ambalo mwenyewe alilitaka siku ileile. Bolingo akaenda zake Kinkondja kukausha samaki, na mtaa ule hakuukanyaga tena.

Éliane aliumia sana. Jumapili iliyofuata alisimama kanisani akaapa mbele ya wote: kinywani mwake hakitatoka kitu kabla sauti na karatasi hazijakubaliana, hata akiwa ni mtoto wake wa kumzaa. Watu walipiga makofi. Watu wanapenda sana uaminifu usiowagusa.

Basi mwaka huo wa 1999 ukawagusa wote, yeye wa kwanza. Mtoto wake Divin alikuwa amefanya mtihani. Divin alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye kusoma hadi karatasi za kufungia mikate. Baba yake, Lazare, alikuwa mtu wa reli, na reli ilimpeleka Lubumbashi ikasahau kumrudisha. Nyumbani walibaki watatu, Éliane, Divin na dada yake Mira, na mshahara wa Leta ambao ulikuwa unakuja, unakuja, ulikuwa njiani tangu mwaka juzi.

Wakati huo lori la jeshi lilikuwa linazunguka mji na kipaza sauti, likiwaita vijana wakaokoe nchi. Waliahidiwa nguo, viatu na chakula kila siku, na katika hayo matatu hata wewe ungelisikiliza lile la chakula. Siku moja wanakula bukari, ugali wa huko, na sombe ya majani ya muhogo, Divin akasema wazi:

"Mama, kama nilikosa examen, minyi ninaenda kwa basoda. Siwezi kukaa hapa kukuongezea mzigo."

"Funga kinywa na ukule," Éliane akamjibu. Ila bukari yake mwenyewe aliisukumia kwa Mira.

Siku ya foni ikafika. Éliane alikaa misheni tangu asubuhi, sauti ya Kinshasa ikikwaruza, ikipotea, ikirudi, naye akiomba kila namba irudiwe mara mbili, kama kawaida yake. Ikafika namba ya Divin. Asilimia hamsini na mbili. Éliane alisema, "Rudia," kwa sauti ileile ya namba nyingine. Ikarudiwa: hamsini na mbili. Akaandika. Mchungaji aliyeshika foni hakuona hata ukope ukicheza. Laiti angalipiga kigelegele pale pale, mbele ya Mungu na misheni nzima! Lakini aliwaza juu ya Bolingo, akaogopa, tena akawaza juu ya kiapo chake, akaona fahari. Kati ya woga na fahari furaha ilikosa pa kupita.

Tatizo ni kwamba uso wake ulikuwa gazeti la mji. Alipotoka misheni watu walikuwa wamejipanga barabarani, wengine wakijifanya wanafunga kamba za viatu, wote wakimsoma. Akaona afadhali aufunge kabisa. Aliukaza uso ule hadi watoto wadogo walimpisha njia. Nyumbani hakuufungua, maana jirani walikuwa juu ya ukuta, na Divin akimwagiwa hata chembe ya poda mji mzima ungejaa ofisini kabla jua halijazama.

Haya. Kwa sheria, nakala ya foni ilikwenda kwa chef. Chef Kabongo naye alikuwa na utaratibu wake wa kushirikisha matokeo. Mzazi aliyekuja mikono mitupu aliambiwa kwamba matokeo ni siri ya Leta. Aliyekuja na kapu la samaki wa ziwani aliambiwa pia kwamba ni siri ya Leta, lakini aliambiwa huku chef akitabasamu na kufunga jicho moja. Ndani ya siku chache vichwa vyeupe vikaanza kuonekana mjini: mpwa wa prefe wa shule, mtoto wa mwenye duka la vitenge, mabinti wawili wa mtu wa forodha. Hesabu ya vichwa vyeupe na hesabu ya makapu zilikubaliana bila kosa, na hilo nalo ni uhakiki wa aina yake.

Divin aliviona vichwa hivyo. Akafikiri kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angefikiri: ikiwa hao walio mbali na ofisi wamejua, na mimi ambaye mama yangu ndiye ofisi yenyewe sijaambiwa neno, kilichobaki kuelewa ni nini? Hata hivyo alikwenda kwa chef. Chef, aliyemwogopa Éliane kuliko alivyomwogopa kamanda, akamwambia, "Mambo yako, uliza mama yako." Basi akarudi kumwuliza. Alimkuta uani anatwanga sombe.

"Mama, mu foni walisoma namba yangu?"

"Bado kuhakikisha. Ngojea enveloppe."

"Sikuulize enveloppe, mama. Ninakuuliza weye."

"Na minyi ninakujibu: bado." Hakuinua uso. Alijua akiinua tu, utamsaliti.

Divin akasema, "Aksanti, mama." Akaingia ndani. Kesho yake alisema anakwenda kijijini kwa bibi kumsaidia kupalilia mihogo, na Éliane akashukuru, kwa maana uso wake ungepata kupumzika siku mbili tatu. Alimfungia karanga za njiani. Akaficha na kopo jipya la poda nyuma ya sufuria, kubwa, lile la bei, akajisemea kwamba akirudi huyu nitamwaga lote.

Ndege ilitua asubuhi ya Alhamisi, na askari wa baiskeli akaileta bahasha ofisini. Ilikuwa imefunguliwa na kufungwa tena, kwa sababu jeshi lilitaka kuhakikisha kwamba asilimia si siri za adui. Chef akataka orodha ibandikwe palepale, kwani tangu lini Kinshasa ikakosea? Éliane akamwangalia tu. Chef akakumbuka kwamba ana jambo la haraka nje.

Akaanza kazi. Mwanamke yeyote mwingine angekimbilia kwanza namba ya mtoto wake, na nani angemlaumu? Éliane alianza mwanzo. Shule ya kwanza, namba ya kwanza, sauti na karatasi, tiki. Alikuwa anajionyesha, ingawa hakuna aliyejua anasoma namba ya nani. Akashika shule ya pili, ya tatu. Wazazi walikuwa wamejaa dirishani wakimhesabia pumzi. Adhuhuri ndege ikapita juu ya bati la ofisi, chini chini, hadi karatasi zikatetemeka, na chef akasema kutoka mlangoni, "Eh, hii avion leo inarudi mbio." Éliane alizikandamiza karatasi kwa kiwiko, akaendelea. Alipoifikia namba ya Divin, ilikuwepo. Hamsini na mbili. Akaweka tiki ya kawaida, isiyo kubwa kuliko nyingine, akaendelea na wa baada yake.

Muhuri ulipigwa, orodha ikapanda ukutani, na mji ukaripuka. Poda ilipaa juu ya paa. Mama mmoja alianguka akainuliwa akaanguka tena. Vichwa viwili vilivyokuwa vyeupe tangu wiki iliyopita vilitafuta majina yao, vikayakosa, vikaondoka polepole kwa kupitia nyuma ya ofisi, na chef naye siku hiyo hakuonekana tena. Éliane alichukua nakala yenye muhuri akaikunja vizuri. Sasa uso ulifunguka, lo! Alikwenda nyumbani nusu anakimbia, akicheka peke yake barabarani, mama mzima wa kanisa.

"Mira! Tuma mutu kwa bibi! Divin arudi leo leo!"

Mira alikuwa ameketi kizingitini. Alipomwona mama yake anacheka, akaanza kulia.

"Mama, Divin haiko kwa bibi. Alipanda ile lori ya basoda. Alisema nisikuambie, ungekuja kumutoa mbele ya bantu, angesikia haya."

Njia ya Base ni ndefu, na Éliane aliipita nyuma ya baiskeli ya kukodi, mikono miwili imeshika mkoba, akimhimiza mwendeshaji hadi maskini yule akamwomba ashuke kwenye kilima. Langoni walimpeleka kwa sajini mmoja aliyekaa chini ya bati na meza ya kuandikishia. Alikuwa mtu wa heshima, na pale Base hilo lilikuwa la kushangaza. Alimpa mama kreti la bia akae juu yake.

"Divin wa Lazare?" Akapitisha kidole kwenye karatasi zake. "Alienda leo, mama. Na ile avion ya mchana."

"Kwenda wapi? Hajafundishwa hata kushika bunduki!"

"Kwa vita. Banasema watabafundisha kule kule." Sajini hakucheka alipolisema hilo.

Éliane akaifungua nakala, akaitandika juu ya meza, akaweka kidole. "Huyu iko na diplome. Ona muhuri."

Sajini akasoma polepole. Akavua kofia, akakuna kichwa. "Ah, mama. Bale wa diplome hatubatumake kule. Tunabaachaka hapa, banaandika ma-rapport, banashika foni. Nilimuuliza huyu mutoto mara mbili: 'Wee, examen d'État ulipasi?' Akasema hapana. Nikamuambia, 'Lakini matokeo bado kutoka, unajua je?' Akaniambia, 'Mama yangu njo mwenye kupokea matokeo. Kama nilipasi, angeniambia.'"

Kwa mbali wake za askari walikuwa wanauza maandazi, wakigombana juu ya kivuli. Mwishowe Éliane alivuta karatasi ya sajini akaitafuta mwenyewe ile mistari, hadi akamwona Divin, na mbele ya jina lake neno moja: *amekosa*.

"Sahihisha," akasema.

"Mama, avion ilisha kwenda."

"Najua ilisha kwenda! Niliisikia. Sahihisha. Mutoto wangu alipasi." Akarudia kwa nguvu hadi wauza maandazi wakageuka. "Divin alipasi! Hamsini na mbili!"

Sajini alichukua kalamu, akakata lile neno, akaandika juu yake kama alivyoambiwa. Na hivyo mtu wa kwanza kusikia kutoka kinywani mwa Éliane kwamba Divin amepasi alikuwa askari asiyemjua hata jina.