Baka Lisilopapasika

Macho yangu yalipoanza kufifia sikumwambia mtu. Niliogopa jambo moja tu: wakijua, hakuna atakayenipa tena ukuta wa kuchora. Kazi hiyo nilijifundisha mwenyewe, kwa mkaa, chokaa na udongo mwekundu, kwenye nyumba za majirani kijijini kwetu Burungu.

Siku moja baba mmoja mfugaji akaniomba nimchore ng'ombe wake mpendwa ukutani, kwa kuwa wakwe zake walikuwa njiani kuja kumtembelea. Mimi nilimwona ng'ombe kama wingu lenye pembe. Nikajifanya fundi mkubwa, nikasema mchoraji hodari hupima kwanza. Nikampapasa kutoka puani hadi mkiani nikihesabu shubiri. Akanipiga teke mara mbili. Nilipoanza kuchora, ukwato mmoja niliufuta mara nne, pua yangu ikigusa ukuta.

Nilijua pia ana baka jeupe, lakini baka halipapasiki. Kuuliza liko wapi kungekuwa kujitangaza. Nikabahatisha, nikalipaka begani.

Wakwe walipofika, baba mkwe aliusogelea ukuta.

“Mukwe wangu, huyu si ile ng'ombe ya mahari uliyotupa? Baka kwa bega, njo yeye kabisa!”

Kwetu, anayemlilia ng'ombe wa mahari ni kama anayetaka kumrudisha mke kwao.

“Kumbe!” mke wa mfugaji akadakia. “Miaka yote hii tunalala nyumba moja, na roho yako iko kwa ng'ombe!”

Watu walicheka, ila mwenye nyumba alikuwa anaapa kwamba huyo si ng'ombe wa mahari. Nikaona aibu yake ni kazi ya mikono yangu.

“Kosa ni langu,” nikasema. “Sioni vizuri. Nilibahatisha.”

Mama mwenye nyumba akaguna.

“Tunajua. Juzi ulisalimia kibuyu cha maziwa, ‘Jambo Mama,’ na mimi niko nyuma yako.”

Wakacheka upya, hata mumewe. Mama akanishika mkono, akauweka ukutani, kwenye paja la ng'ombe. “Baka iko hapa. Paka.”

Nikalifuta la begani, nikapaka, huku nikingoja kuambiwa kwamba huo ndio ukuta wangu wa mwisho.

“Kesho kuja kwangu,” baba mkwe akasema. “Ng'ombe yangu iko nyeusi mwili muzima. Hautakosea.”

Badala ya kushukuru, nikamwuliza: “Papa, nyeusi ya mkaa ao ya masizi?”