Neon nne juu ya samaki wa Swima

Siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, ni ile niliyopanda juu ya kiti katika saloni ya Papa Ramazani, sebule yake, hapa Baraka, nikafunga neon nne, zile taa ndefu za mirija, juu ya sanduku la kioo lenye samaki, kisha nikashuka nikajisifu. Siku nyingine nyingi zimenitoka kichwani. Ile imekataa kutoka.

Umeniuliza uweke taa gani juu ya samaki wako. Ningekujibu kwa maneno mawili, lakini nimechoka, na mtu aliyechoka akijibu kwa maneno mawili anadanganya hata bila kutaka. Basi nimechukua kaye yangu, daftari hili. Shule yangu iliishia darasa la sita, kwa hiyo ukikuta sentensi imepinda, inyooshe mwenyewe. Na pale nisipokumbuka vizuri, nitasema sikumbuki.

Nilikuwa binti wa miaka ishirini na kidogo. Baba yangu alitengeneza redio, na mimi nilijifunza nyaya kwa kumshikia bisibisi. Umeme wakati ule ulikuwa wa mwenye jenereta, na Papa Ramazani, mwenye maboti, alikuwa nayo. Ilinguruma tangu asubuhi kwa ajili ya friza zake za samaki.

Baba yake, Muzee Sumaili, alikuwa mvuvi wa Swima, mvuvi wa taa, mpaka siku upande mmoja wa mwili wake ulipokufa. Mwanawe akamleta Baraka, akamlaza saloni. Ziwa liko karibu, unalisikia, lakini kutoka kitanda kile mzee alikuwa anaona ukuta tu. Akawa hasemi kitu. Akiulizwa anataka nini, anajibu jibu moja: “Mi nataka kuona mawe ya Swima.”

Papa Ramazani alimpenda baba yake, hilo lazima niliandike. Akamtuma seremala atengeneze sanduku kubwa la kioo, akawatuma vijana wapige mbizi kule Swima. Wakaleta mawe, wakaleta samaki kumi na wawili, wale wadogo wenye mistari wanaokaa katika nyufa za mawe na kukwangua ule ukijani unaoota juu yake. Sanduku likawekwa mbele ya kitanda. Madirisha ya saloni yalikuwa madogo, ndani giza, ndipo nikaitwa.

“Fundi Zawadi,” akaniambia, “tia mwangaza. Papa yangu aone muzuri.”

Hakusema nne. Nne zilikuwa zangu.

Dukani palikuwa na neon za aina tatu: nyeupe kali kama ya dispensari, nyingine ya rangi ya manjano kidogo, na moja iliyovuta kwenye buluu. Muuzaji aliniuliza, “Ni ya kazi gani, dada?” Nisimwonee, aliuliza. Mimi ndiye niliyemkata: “Leta zile kali, nne.” Wazee wanasema kuuliza si ujinga. Mimi hata kuulizwa kulinikera.

Kwa nini? Nimejiuliza miaka mingi. Kwanza, mafundi wa kiume pale sokoni walikuwa wananitania. Nikipita na mfuko wa vyombo wanapiga kelele: “Ee Zawadi! Leo unasuka nywele ama unasuka waya?” Nikataka nyumba ya Papa Ramazani iwake mpaka waone aibu. Pili, mimi ni mtoto wa ziwani. Tangu tumezaliwa tunaona taa za wavuvi kule majini, tunajua ndakala, wale dagaa wa ziwani, wanapanda kwenye taa kama vifaranga kwenye mtama. Hapa kwetu mtoto hafundishwi jambo hilo, anakua nalo: samaki anapenda taa. Nikawaza, kama anapenda moja, nne atazipenda zaidi.

Nikazifunga shubiri moja tu juu ya maji. Zote nne kwenye swichi moja. Balasti, yale makopo mazito ya chuma yanayopata moto neon ikiwaka, nikayapanga juu ya kifuniko cha mbao. Nikabonyeza. Saloni ikawa nyeupe, bamama wa jirani waliokuja kutazama wakapiga vigelegele, na samaki wakaruka wote kwa pamoja wakajigonga kwenye kioo.

“Wanafurahi,” nikasema.

Mzee alifumba macho. Nilifikiri ni usingizi.

Sijui ilikuwa siku ya ngapi, labda ya kumi, Papa Ramazani aliponiita. Kioo kilikuwa kimeota utando wa kijani. Samaki walikuwa wamepauka, wengine wamejibana nyuma ya jiwe, wengine juu wanahema. Watatu walikuwa wamekwisha kufa. Mzee alikuwa amegeuza uso ukutani, ule ukuta wake wa zamani. Nikaweka kiganja juu ya kifuniko. Mwanangu, kilikuwa cha moto kama sufuria. Chini yake maji yalikuwa vuguvugu. Nilijua. Sikujua yote, lakini nilijua ya kutosha.

Na nikasema: “Ni chakula. Mama Asha anawapa mingi.”

Mama Asha ni mke wa Papa Ramazani. Ndiye aliyemwogesha mzee, akamlisha kwa mkono wake, na asubuhi na jioni aliwamegea samaki ugali kidogo. Niwe mkweli pande zote: ugali ule ulizidi kidogo. Lakini si ugali uliochemsha maji. Nyani haoni kundule, na mimi sikuwa hata nyani, maana yeye haoni, mimi niliona nikafunika.

Mume akamkataza kugusa sanduku. Maneno yakatoka nje ya ua, kama yanavyotoka. Kisimani nilisikia mwenyewe: “Muke ya Ramazani ameshindwa samaki, muzee njo ataweza?” Na mwingine akacheka: “Ile mukono haina bahati.” Nilikuwa na ndoo yangu pale. Niliijaza, nikaondoka.

Samaki waliokufa wakafika saba. Niliporudi mara ya tatu nilikuwa nimebeba neon ya tano. Usicheke. Au cheka, mimi mwenyewe siku nyingine nacheka. Maji yalikuwa yameingia giza kwa ule ukijani, nikaona dawa ni kuongeza mwangaza. Nimepanda kiti, nikasikia sauti kutoka kitandani, sauti ya mdomo uliopinda upande.

“We, mutoto. Uko mutoto ya nani?”

“Wa fundi wa redio, muzee.”

“Wa hapa ku ziwa?”

“Ndiyo, wa hapa hapa.”

“Mwezi ikijaa, bavuvi banafanya nini?”

Kila mtu anajua. “Banalala nyumbani, muzee.”

“Ju ya nini?”

“Mwangaza iko pote. Ndakala hawaoni tena taa.”

“Njo vile. Taa inaita ju ya giza. Na ile ndakala inakuya ku taa, inaenda wapi?”

Nikashusha mkono wenye neon.

“Inaenda mu nyavu,” akasema. “Miaka yote mi niliwasha taa, sikuwasha ju ya kupenda samaki. Niliwasha ju ya kuiua. Sasa we umekuya kuwasha ine, tena unaleta ya tano. Unatafuta kuvua mu saloni?” Akacheka kwa ule upande mmoja uliobaki, kisha akaacha kucheka. “Na muke ya mutoto yangu, mumuache. Mi nalala hapa muchana yote. Nimeona mukono yake. Nimeona na taa yako.”

Mama Asha alikuwa amesimama mlangoni na beseni la maji ya kumwogesha. Sijui alikuwa amesikia kuanzia wapi. Nikashuka. Kushuka kwenye kiti kile kulikuwa kurefu kuliko kupanda.

“Mama Asha,” nikasema, “si chakula chako. Ni taa zangu. Nilijua tangu siku niliposhika kile kifuniko.”

“Ulijua?”

“Nilijua.”

Akaweka beseni chini. Akasema tu: “Basi panda tena ku kiti, ufunge muzuri. Na kesho utaenda ku kisima, useme pale kama vile umesema hapa.”

Nikapanda. Mzee akanielekeza kwa kidole cha mkono mmoja. Neon tatu kali zikatoka, ya tano nikairudisha dukani, na muuzaji, Mungu ambariki, alinibadilishia ile ya manjano bila kunisimanga. Zikabaki mbili: ya manjano na nyeupe moja. Nikaziinua juu kama urefu wa mkono mpaka kiwiko, kipande cha kioo katikati ili mvuke usile nyaya. Balasti zikaenda ukutani. Taa nilitaka kuziweka katikati ya sanduku, mzee akakataa. “Zivute mbele, ku ngambo yangu. Mawe ya Swima iko na mugongo, na mugongo haina jua.” Tukapanga mawe nyuma, moja juu ya lingine, na matundu katikati, samaki awe na pa kwenda akichoka kuonekana. Kila taa ikapata swichi yake: ya manjano kwanza asubuhi, nyeupe jua likiwa limepanda, kisha zinazimwa moja moja. Mama Asha ndiye aliyeshika swichi hizo, na ndiye aliyeendelea kulisha, akipunguza kidogo.

Kesho yake nilienda kisimani. Nilisema. Mmoja alinijibu, “Aa, tulijua tu,” ingawa hakujua. Maneno mabaya hupanda boti, ya kuyarekebisha huenda kwa miguu. Mpaka leo siamini kama yalifika kila mahali.

Samaki watano walipona. Walitoka mmoja mmoja, rangi ikarudi, wakaanza kukwangua mawe. Mzee alilala upande wa kioo, si upande wa ukuta. Baadaye, Mama Asha alinisimulia haya, jike mmoja aliacha kula, kinywa kimevimba, na mzee akamwita mkwewe kwa haraka: “Ona, ule iko na batoto mu kinywa!” Wakangoja wote wawili mpaka siku alipowatema, vidogo kama punje. Mzee alikufa kiangazi kile. Mama Asha alisema alikuwa akiangalia kule mbele, kwenye mawe. Sikuwepo, kwa hiyo naandika kama nilivyoambiwa.

Mama Asha na mimi tunasalimiana. Alinisamehe, aliniambia hivyo. Lakini hajawahi tena kuniita dada kama zamani, na sijawahi kumuuliza kwa nini.

Basi mwanangu, jibu lako. Neon zinaisha madukani, mna hizi taa ndogo za sola zinazowaka kama jicho la paka. Jambo ni lilelile. Kabla hujachagua taa, uliza samaki wako ametoka wapi na alikuwa akijificha wapi. Chache zinatosha, ziinue, uwashe polepole, na umwachie giza lake, maana giza pia ni chakula. Lolote ulilolijua tangu utoto, liulize mara moja tena, hata kama mji mzima unalijua. Na kitu kikifa chini ya kazi yako, weka kiganja kwenye kifuniko chako kwanza, kabla hujanyoosha kidole kwa mwenye kulisha. Ukikuta ni cha moto, sema siku ile ile. Mimi nilichelewa siku chache tu, na nimezibeba mpaka uzee huu.

Nimechoka sasa, naifunga kaye. Mungu akupe mwanga unaokutosha, mwanangu, asikuzidishie, na nyuma ya mawe yako akuachie kivuli cha kupumzikia.