Safari ya Muskati Niliyowaficha Majirani

Dada yangu Zaina alinipigia simu Jumapili moja baada ya adhuhuri, nikiwa nyumbani Ihumwa, nje kidogo ya Dodoma, nasahihisha madaftari ya kidato cha pili. Alikuwa anaishi Muskati na mumewe, mwaka wa kumi na mbili sasa, na figo zake zilikuwa zimeshindwa kazi. Hakulia. Alisema tu, "Mdogo wangu, njoo unione. Usichelewe." Zaina ndiye aliyenilea kule Kondoa baada ya kufiwa na mama, na hata huu ualimu ninaoulalamikia kila siku ni yeye aliyenisukuma nikausomea. Kwa hiyo sababu ya safari yangu ilikuwa moja tu: nimkute hai.

Jioni hiyo hiyo nikaanza kujiandaa. Mimi ni mwalimu wa jiografia. Nimefundisha ramani miaka kumi na tisa bila kuvuka mpaka wowote. Nikaingiza kwenye simu kila kitu ambacho msafiri wa kisasa anashauriwa awe nacho: programu ya kulinganisha nauli za ndege, ramani inayofanya kazi bila mtandao, ya kutafsiri Kiarabu, ya hali ya hewa, hata moja ya kupanga begi, inayokukumbusha mswaki. Pasipoti ninayo. Viza niliiomba mtandaoni ikaja kwa barua pepe siku ya tatu. Tiketi niliipata ya Jumamosi ya wiki ya pili, ya bei nafuu kuliko zote, ya kupitia nchi nyingine na kubadilisha ndege huko. Nilijiona mjanja kweli. Sina ugomvi na zana hizo mpaka leo. Simu hujibu ulichoiuliza.

Lakini mtu sikumwuliza. Hapa lazima niseme ukweli, maana mnaosoma mnanielewa vizuri kuliko mnavyopenda kukiri. Kwetu safari ya nje haisemwi. Unaificha kama ujauzito wa miezi miwili, mpaka ndege ipae, ndipo upige simu: "Mimi huyu nimeshaondoka." Tunaogopa macho ya watu. Mke wangu Mwajuma alinikumbusha habari ya mwalimu mwenzangu aliyetangaza safari yake ofisini, akaagwa na keki, halafu viza ikakataliwa. "Sasa wewe kaeneze," akasema. Sikueneza. Mkuu wa shule nilimwambia nina msiba wa mjomba Kondoa. Majirani niliwaambia naenda Morogoro kusahihisha mitihani. Nilidanganya vizuri mno, kwa utulivu wa mtu aliyezoea.

Jumapili iliyofuata, siku sita kabla ya kuondoka, nilikwenda mjini kuchoma chanjo ya homa ya manjano. Ningeweza kwenda mapema. Nilichelewa kwa makusudi, nikisubiri siku ambayo sitakutana na mtu, na bado nilipoingia kituo cha chanjo nikamkuta mzazi wa mwanafunzi wangu amekaa kwenye benchi, ananitolea macho na tabasamu.

"Shikamoo mwalimu. Unasafiri?"

"Marahaba. Hapana, ni tahadhari tu."

Muuguzi, dada mmoja mpole, akaniuliza ninakwenda nchi gani na lini. Mzazi yule alikuwa hatua mbili nyuma yangu. Nikajibu kwa sauti, "Siendi popote, dada, nachoma tu." Basi akanichoma, akajaza kadi, akanipa. Angekuwa na sababu gani ya kunieleza zaidi? Niliisweka kadi mfukoni bila kuisoma, mimi ambaye kila siku nawagombeza watoto wasome swali kabla ya kujibu.

Ijumaa asubuhi niliondoka Dodoma kwa treni ya umeme. Nyuma yangu walikaa vijana wa chuo wakibishana habari za mpira, na mbele yangu mtumishi mmoja wa wizara aliyelala tangu tulipoanza kuondoka. Tulipopita Gulwe nilitazama nje: bonde kavu, mbuzi, kina mama na ndoo zao. Nilikuwa na furaha ya ajabu, na nikaona aibu kwamba naenda kwa mgonjwa huku nimefurahi. Nikamtumia Zaina ujumbe wa sauti: "Dada, nimeshapanda treni." Akajibu kwa sauti nyembamba sana, "Nakusubiri. Leo nimekula."

Jumamosi mchana nilikuwa uwanja wa ndege Dar es Salaam, saa tatu kabla ya wakati, na karatasi zangu kwenye bahasha moja kama programu ilivyoelekeza. Binti wa kaunta alizipitia taratibu. Alipofika kwenye kadi ya chanjo akasimama.

"Baba, hii umechoma Jumapili?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Inaanza kutumika siku ya kumi baada ya kuchoma. Imeandikwa hapa. Nchi unayopitia hawatakupokea, watakurudisha. Siwezi kukupandisha mpaka zitimie."

Nikamweleza habari ya dada yangu. Macho yake yalilegea, nikajua ananionea huruma, na kwamba huruma hiyo haitanisaidia. Akaniambia ipo ndege ya moja kwa moja jioni ile, haipiti huko, na nafasi zipo. Ila tiketi yangu ni ya aina isiyorudishwa. Angeweza kunisogezea siku tu, basi. Hiyo nyingine ningeinunua upya, na pesa hizo sikuwa nazo.

Nilikaa kwenye kiti cha chuma na simu mkononi. Huu ndio wakati ambao Mtanzania yeyote hufungua orodha ya majina na kuanza kupiga. Walimu wenzangu wangechanga. Tumechangiana harusi, misiba, hata gari la mtu lililogonga ng'ombe. Majirani wangechanga. Wangeuliza maswali mawili, kisha wangetuma. Lakini ningewaambia nini? Kwa wengine niko Kondoa nazika, kwa wengine niko Morogoro nasahihisha. Kidole changu kilipita juu ya majina yale, jina baada ya jina, nikaona haya. Haya, jamani! Dada yangu anakufa, na mimi naona haya kuumbuka. Nikaizima simu. Jambo hilo sijajisamehe, na sitegemei kujisamehe.

Jumatatu, saa nne asubuhi, nikiwa nyumba ya wageni karibu na uwanja nasubiri siku zangu zitimie, shemeji yangu Salum, mume wa dada, alipiga. Nilijua kabla hajasema. Zaina alikuwa amefariki alfajiri. Walimswalia adhuhuri na kumzika, kama dini yetu inavyoagiza, na mimi wakati huo nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda cha watu nikitazama feni. Mwajuma akaniambia kwa simu, "Nenda hivyo hivyo. Ukalione kaburi."

Alhamisi nilifika Muskati. Ni mji mweupe, msafi, una joto linalokupiga usoni ukitoka tu mlangoni. Salum, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, alinipeleka makaburini moja kwa moja na begi langu likiwa garini. Kaburi halikuwa na jina, jiwe moja tu kichwani na jingine miguuni, udongo bado mbichi. Nikasoma Fatiha. Programu ya ramani ilikuwa imeweka alama ya samawati palepale niliposimama, sahihi kabisa.

"Alikuulizia," Salum akasema tuliporudi garini. "Mlango ukifunguliwa, anageuza kichwa."

"Ulimwambia nini kuhusu kuchelewa kwangu?"

"Nilimwambia ndege imeharibika. Ningemwambia nini, shemeji?"

Nilikaa kwake siku nne. Alinipikia wali na papa, akanionyesha chumba cha Zaina, kanga zake zimekunjwa, sufuria yake ya maandazi aliyotoka nayo Kondoa. Nadhani alikuwa amenikasirikia, na alikuwa na haki.

Jumanne nikarudi Ihumwa, na sasa siri haikuwepo tena. Watu walikuja matanga. Miongoni mwao alikuja Mama Nuru, mwanamke tunayepakana naye ukuta, muuza mabaibui sokoni. Alisubiri wengine watoke, akajivuta karibu na mkeka wangu.

"Mwalimu, ungeniambia."

"Ningekwambia nini, Mama Nuru?"

"Mimi naenda Muskati mara mbili kwa mwaka. Mzigo wangu wote unatoka huko." Mimi nilidhani anaununua Kariakoo, ndivyo alivyokuwa akisema. "Chanjo ile unachoma mara moja, inakutosha maisha. Unaichoma hata kabla ya kununua tiketi. Na unapanda ya moja kwa moja, ile ya kupita pita haifai ukiwa na haraka. Jumamosi ile nilipanda ya jioni. Kiti cha pembeni yangu kilikuwa kitupu mpaka tunatua."

"Si ulisema umekwenda Singida harusini?"

"Na wewe si ulisema Morogoro?"

Tulitazamana. Alianza kulia, nami nikalia, mara ya kwanza tangu Zaina afe. Jumamosi ile jioni alikuwa palepale uwanjani, anayejua kila kitu nilichokuwa sikijui, na pengine ananipita akiwa amejifunika uso asionekane.

Mkinitaka niwashauri zana ya kupangia safari ya nje, ninayo moja tu: mwambieni mtu. Mwambieni anayejua, na asiyejua pia mwambieni, anaweza kuwa anajua. Mimi nimejifunza hilo kwa gharama ya kumkosa aliyenilea. Au nilidhani nimejifunza. Maana Mama Nuru alipofuta machozi na kusimama, aliinama kidogo, akaninong'oneza, "Mwezi ujao naenda tena. Tafadhali, Mwalimu, libaki hapa hapa."

Nikamwambia, "Usijali."