Saba Tupu Kwenye Daftari la Boila

Ndugu zangu, nusura mama mkwe wangu afukuzwe kazi kwa sababu ya mwandiko wangu mzuri. Msinicheke kwanza.

Tunafanya kazi pamoja kwenye kiwanda cha kufua mashuka ya hospitali. Sote ni waangalizi wa boila, lile tangi la kuchemshia mvuke, asubuhi mimi, mchana yeye. Kila saa unasoma presha ya mvuke kwenye geji, unaiandika daftarini.

Mama mkwe anaandika mpaka anakera. "Saa tisa: saba na nusu. Bomba linanguruma."

Nikamtania, "Mama, hii ni boila au mgonjwa?"

"Andika, baba. Kama mali bila daftari hupotea bila habari, sembuse mtu?"

Mimi sasa! Nikiingia saa moja nashusha saba kutoka juu hadi chini ya ukurasa, za zamu nzima, kalamu haijapoa. Kisha chai. Boila ilikuwa na saba zake miaka yote, niandike nini kingine?

Wiki moja mama akaanza kumwambia meneja kwamba presha inapanda. Saba na nusu, nane, nane na nusu.

Meneja akafungua kurasa zangu. "Mbona asubuhi ni saba tupu? Labda macho, mama."

Ijumaa mchana bomba likapasuka. Mvuke ukamuunguza mama mkono.

Jumatatu tukaitwa ofisini. Mkaguzi wa usalama alikuwa na kikombe cha chai na daftari letu la boila. Mama alikaa pembeni, mkono una bendeji hadi kwenye kiwiko.

"Ni uzembe wa zamu ya mchana," meneja akasema. "Asubuhi boila ilikuwa salama, imeandikwa." Barua ya kumwachisha kazi ilikuwa tayari mezani.

Mkaguzi akanigeukia. "Una la kuongeza?"

Nikasoma kalenda ukutani. Nikakagua viatu vyangu. Yule bwana akawa anakunywa chai yake taratibu, hana haraka na mtu.

Macho yakaniangukia kwenye ile bendeji. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona.

"Hizo saba ni za kichwani," nikasema. "Wiki nzima sijaitazama geji."

Mkaguzi hata hakushtuka. Akatoa karatasi mfukoni.

"Najua. Fundi wa kusafisha tangi ameandika hapa kwamba Jumatano boila ilizimwa kuanzia saa tatu hadi saa sita. Wewe una saba, saba, saba. Ya boila iliyozimwa!"

Kumbe niliandika mapema, nikasahau hata kufuta.

"Sasa kama ulijua, mbona umeniacha nitoke jasho hivi?"

Akamnyooshea mama mkwe kidole. "Muulize huyu."

Mama akatengeneza bendeji yake. "Nilimwomba akupe nafasi useme mwenyewe. Chai ikiisha hujasema, nampigia binti yangu afunge virago arudi nyumbani."

Nikachungulia kikombe. Lilikuwa limebaki funda moja.

Mama alibaki kazini, na meneja alimwomba radhi. Mimi nilisimamishwa mwezi mzima, na nilistahili.

Ukiandika usichokiona, wa zamu inayofuata ndiye anayeungua. Kwa hiyo, ndugu yangu, tazama kwanza, ndipo uandike. Na kama mkaguzi humwogopi, basi mwogope mkweo.