Limekuja Jina la Nani?

Pale Maili Moja, Kibaha, mteja hakutumii hela kwa simu mpaka alisome jina kwa sauti. Ni desturi tuliyojiwekea wenyewe, baada ya watu kukosea tarakimu moja na hela ikaenda kwa mtu asiyejulikana, ukaanza ugomvi wa kutwa nzima. Mteja anabonyeza, anangoja jina litokee kwenye simu, kisha anauliza, "Limekuja jina la fulani, ndiye?" Muuzaji akiitikia, mteja anaweka namba ya siri na mambo yanaisha. Kwenye meza yangu ya korosho jina lililokuwa likija ni la mke wangu, majina yake yote matatu, na mke wangu alikuwa amekwisha kuzikwa kwao Kisarawe.

Nilikuwa naitikia tu. "Ndiye, tuma." Mteja mgeni alikuwa akinitazama mimi na ndevu zangu, anauliza mbona la mwanamke, nami nasema ni la mwenzangu. Mtu aliyesimama kununua pakiti moja ya korosho hajaja msibani.

Ile lipa namba, ya kupokelea malipo kwa simu, ilikuwa wazo lake. Mimi ni mtu wa Kondoa, nimezoea hela niishike, niikunje, niitie mfukoni mwenyewe. Tuligombana kwa ajili ya makato mpaka majirani zetu wa mtaa wa Sofu wakajua viwango vyote. Nilikuwa nikisema hawa watu wa mitandao ya simu wanakula korosho zetu bila kuzibangua: hela ikiingia wanakata, ukiitoa kwa wakala wanakata tena. Yeye alikuwa akikaanga, hata hageuki.

"Wewe unaona makato tu, wateja huwaoni," alinijibu siku moja. "Yule wa Morogoro anayeagiza kilo tano, atakuletea noti mkononi? Na ile elfu kumi bandia uliyopokea juzi, ilikukata shilingi ngapi?"

Ile noti bandia aliibandika ukutani juu ya jiko, nami kila nikianza maneno yangu ya makato ananyoosha mwiko kuionyesha. Alikuwa na dharau tamu sana yule mwanamke. Akaenda akasajili lipa namba kwa jina lake, akaanza kupiga picha korosho na kuziweka kwenye simu, na mwaka haujaisha tukawa tunatuma mizigo mpaka Dodoma. Nilishindwa, na nilifurahi kushindwa, ila hilo sikumwambia.

Presha ilimwangusha hapo hapo jikoni, karai likiwa motoni. Nilipofika korosho zilikuwa zimeungua, nyumba nzima imejaa moshi, na mpaka leo zikizidi moto kidogo tu lazima nitoke nje.

Baada ya msiba niliendelea na laini yake. Namba ya siri nilikuwa naijua. Wateja walikuwa na namba ile, na kila mwisho wa mwezi mama mkwe wangu kule Kisarawe nilimtumia cha sabuni kupitia laini hiyo hiyo, kama mwenzangu alivyokuwa akifanya. Watu walinisifu kwa kutomsahau mkwe. Ukweli ni kwamba sikuwa nataka kitu chochote kibadilike, na kusikia lile jina likisomwa mezani kwangu asubuhi mpaka jioni ndicho kitu pekee kilichokuwa kinaniamsha kitandani.

Lakini biashara ina mdomo wake. Binti yetu alikuwa amepata nafasi ya chuo cha uuguzi, na ada haikungoja huzuni ya mtu. Ikaja huduma nyingine ya malipo, ya benki: inakata kidogo kwenye kila mauzo, hela inaingia kwenye akaunti moja kwa moja bila kupita kwa wakala, na ukiuza vizuri miezi kadhaa wanakukopesha mtaji wa msimu. Ile ya zamani ilikuwa inanimaliza kwenye kutoa, na isitoshe walikuwa wameanza kutuma ujumbe kwamba mwenye laini aende kuhakiki alama za vidole. Mwenye laini aende. Niliusoma ujumbe huo nikiwa mezani, nikaufuta, wakatuma mwingine.

Binti yangu aliyapiga mahesabu bila kuacha kitu. Ana kichwa cha mama yake. Akaniambia kwa upole, "Baba, hapa hatulipii huduma. Tunalipia jina."

Nilimfokea. Nilimwambia maneno ambayo baba hamwambii mwanawe aliyefiwa, kwani na yeye alikuwa amefiwa, nikasahau. Kisha nikaenda nyuma ya vibanda nikalia mpaka muuza vocha wa pale akaniletea maji ya kunawa. Jioni nilimwambia binti nitakwenda Kisarawe kumtaarifu bibi yake kwanza, kwani laini ya mtoto wa mtu huwezi kuifunga kama unafunga dirisha.

Mama mkwe wangu alinipokea barazani, akanitandikia mkeka. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia, tukaulizana habari za mvua na za mjukuu. Mimi na yeye hatutazamani usoni sana, ndiyo heshima tuliyoizoea. Nikamweleza yote nikiwa nimeangalia miguu yangu: ada ya chuo, makato, benki, alama za vidole.

"Ukishaifunga," akauliza, "jina halitakuja tena?"

Nilidhani anazungumzia zile hela za mwisho wa mwezi. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, zitakuja kama kawaida, ila zitakuwa na jina langu. Akatikisa kichwa. Akafungua fundo la khanga yake akatoa simu yake ndogo ya vitufe, akaanza kubonyeza. Alikuwa haangalii popote pa kunakili, namba ameishika kichwani. Kisha akanigeuzia kioo. Simu ilikuwa inamuuliza kama anataka kutuma shilingi elfu moja, na chini yake yalikuwepo majina matatu ya binti yake.

"Naandika namba yake, naandika elfu, halafu jina linakuja," alisema. "Naliangalia. Kisha nabonyeza hapa nafuta."

"Kila siku, mama?"

"Nikishaswali alasiri." Akaharakisha kuongeza, kwa sauti ya mtu anayejitetea, "Haikati kitu, baba. Ukiishia hapo haikati hata senti."

Aliogopa nitamsema kwa ajili ya makato. Sifa zangu zilikuwa zimefika mpaka Kisarawe. Mimi niliyekuwa nikivijua viwango vyote, cha kuweka na cha kutoa, nilikuwa sijui kwamba kuna kitu kimoja wanachokupa bure, na mama huyu alikuwa amekigundua peke yake.

Nikamwambia tuache, isifungwe, ada nitaitafuta kwingine. Hapo ndipo aliponitazama usoni.

"Utaitafuta wapi? Mwenyewe angekuwepo angeshaifunga zamani, wala asingekuuliza wewe." Akaifunga simu ndani ya khanga. "Ifunge. Ila siku hiyo niwepo. Nilikuwepo alipozaliwa, nilikuwepo alipozikwa."

Basi akaja Kibaha, tukaenda wote dukani kwa watu wa laini. Alivaa khanga mpya na viatu vya sikukuu. Msichana wa kaunta alipokea cheti cha kifo, akatupa pole, akaniwekea kidole changu kwenye mashine. Hakuwa na haraka wala hakuwa na ukali, na kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kuliko nilivyotaka iwe. Nilisimama nikiangalia kucha zake zikigonga vitufe, nikatamani mtandao ukatike.

"Tayari, baba," alisema. "Salio litahamia kwako."

"Tayari?" mama mkwe akauliza.

"Ndiyo, bibi. Imeshafungwa."

Akafungua fundo la khanga. Alasiri ilikuwa haijaadhiniwa, lakini akatoa simu, akabonyeza zile namba, akaandika elfu yake, akangoja. Aliisogeza simu karibu na macho, akaisogeza mbali. Kisha akaipitisha chini ya kioo cha kaunta kwa mikono miwili.

"Mjukuu wangu, hebu niangalizie," akasema. "Nadhani nimekosea namba."

Msichana akasoma. Akanitazama mimi, nami sikuweza kumsaidia. Akazihesabu tarakimu kwa kidole, moja moja, mpaka ya mwisho.

"Hujakosea, bibi," akasema.

Mama mkwe wangu akamshukuru, akaichukua simu yake, akaanza kuiandika namba ile upya, polepole zaidi.