Mstari Mtupu kwenye Daftari la Mama Furaha

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nikiwa msichana mwenye mdomo, nauza chipsi na soda katika ukumbi wa mpira wa kikapu hapa Birmingham. Wachezaji walikuwa wakivutana na wenye timu kuhusu mikataba, wakitishia kugoma. Sisi wa jikoni tuliona hayatuhusu. Tulikuwa vibarua wa kuitwa: mechi ikiwapo unaitwa, isipokuwapo unakaa nyumbani bila senti.

Mmoja tu aliona mbali. Mama Furaha, Mkongo wa makamo, ndiye aliyenifundisha kazi yote, hata namna ya kutumbukiza chipsi kwenye mafuta nisiungue. Siku hiyo alizungusha daftari la shule.

"Mutoto yangu, andika jina na simu. Bakifunga mulango, tutaonana wapi?"

"Mama, kwani unaandaa harusi?" nikamtania. "Si tunaonana Jumamosi!"

"Cheka tu. Hata hiyo harusi yako sitaijua."

Wenzangu waliandika. Mimi nikaenda kupanga vikombe.

Jumamosi iliyofuata hatukuitwa. Wachezaji waligoma, na walikuwa na haki yao, nisikudanganye. Lakini wao walikuwa na chama na wanasheria. Sisi tulipata ujumbe mmoja kwenye simu: hakuna zamu. Waliokuwa daftarini waliitana, wakaenda pamoja kwa meneja, wengine wakatafutiwa kazi katika majiko mengine. Mimi nilikuwa chumbani naitazama simu. Ukumbi ulipofunguliwa tena, jikoni nilikuta sura ngeni tupu.

Nilichojua ni kwamba Mama Furaha anakaa Stechford, mtaa wa hapa hapa mjini; zaidi ya hapo sikujua. Nimeshuka kituo cha treni cha huko mara nyingi, nikichungulia maduka, nikidhani nitasikia kicheko chake. Miaka ikapita, ndipo nikakutana na mwenzetu mmoja kwenye treni. Mama alishahama, akasema, na hakuna ajuaye alikokwenda.

"Alikuachia mstari mtupu daftarini," akaniambia. "Kila tulipotaka kuujaza, alikataa. Alisema huu ni wa yule mtoto wa kucheka, atakuja kuandika."

Hamu ya kumwona haijaniisha mpaka leo.

Sasa nasikia ukumbini unakofanya kazi nako wachezaji wanavutana na wenye timu. Usingoje, mwanangu. Wajue wenzako kwa majina na mitaa yao wakati jikoni bado kuna moto, na anayekupa kalamu usimcheke. Mungu akujalie kazi isiyokatika. Na ikikatika, akujalie mtu wa kukupigia simu.